Uzi wa taimingi: kuseti injini za platini na kabureta (Toyota 4K na 5K, Land Rover 109, VW Beetle) bila kubahatisha

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Kila baada ya siku chache anakuja mtu humu na lile lile, Corolla yake ya zamani imepoteza nguvu, ikikutana na mlima inachemsha, mafuta inakunywa, na fundi ameshamwambia aandae hela ya ovahoo. Kabla hujashusha injini chini jiulize taimingi (yaani wakati cheche ya plagi inapotoka) mara ya mwisho ilisetiwa lini na kwa kifaa gani. Kwa wengi jibu ni kwamba fundi alilegeza nati ya distributa (kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi), akaizungusha kushoto kulia huku injini inawaka, akasikiliza mpaka mlio ukawa mtamu, akakaza, akalipwa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo na leo naomba tuliongee kwa urefu.

Injini isiyo na mzigo inapenda cheche iwahi. Ukizungusha distributa kuwahisha, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda, mlio unakuwa laini, kila mtu anafurahi, na ukiendelea kuwahisha inazidi kupanda mpaka umepita mbali kiwango cha kiwanda. Pale gereji haigongi kwa sababu haijabeba kitu. Siku umepakia watu wanne na mizigo unaipandisha mlima Kitonga ndio unasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, na mlio huo ukiachwa uendelee unatoboa pistoni, unavunja ringi na kuunguza gasketi ya silinda hedi. Sikio lilisema kweli kuhusu sailensi tu, habari za mlima halikuwa nazo.

Kwa nini cheche itangulie? Mchanganyiko wa hewa na petroli hauwaki wote kwa mpigo, moto unaanzia kwenye plagi unatembea mpaka kwenye kuta za silinda na safari hiyo inachukua milisekunde kadhaa. Piga hesabu mwenyewe: kwenye sailensi ya mizunguko 800 kwa dakika krenki (mhimili mkuu wa injini) inazunguka karibu digrii 5 kwa kila milisekunde, ukiwa barabarani mizunguko 3000 inazunguka digrii 18 kwa milisekunde hiyo hiyo. Na presha kubwa ya mlipuko inatakiwa iikute pistoni imeshapita juu kabisa (mafundi tunaita topu) na kuanza kushuka, kama digrii 15 hivi baada ya topu. Cheche ikichelewa unasukuma pistoni ambayo imeshakimbia, moto unaenda kumalizikia ekzosti, ndio maana gari inachemsha na haina nguvu. Ikiwahi sana unaipiga pistoni inayopanda.

Distributa ina akili yake kwa hilo. Chini ya sahani ya platini (vidole viwili vinavyokata umeme ili cheche itoke) kuna vyuma viwili vya uzito na springi, injini ikichanganya vinatanuka vinasogeza mbele kemu (mhimili wenye ncha unaoachanisha platini), na ubavuni kuna kopo la vakyumu linalovuta sahani ukiwa umekanyaga kidogo kwenye tambarare. Wewe unapozungusha bodi ya distributa unaweka sehemu ya kuanzia tu, hayo mengine inajifanyia yenyewe kama ni nzima. Wengi hawaangalii kama ni nzima.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Gari ya mfano ni Corolla KE70 yenye 4K, cc 1290, kwa sababu bado zipo TZ na Kenya na mambo yake yanafanana sana na 5K ya Liteace na Townace.

Utaratibu ni platini kwanza, taimingi ifuate, kabureta mwisho. Ukibadilisha mpangilio umefanya kazi bure, na sababu ni hii: platini ndizo zinazoamua cheche itoke lini, cheche inatoka pale zinapoachana. Ukizitanua zinaachana mapema, taimingi inawahi. Zikibanana zinachelewa. Kwa makadirio ya mafundi digrii moja ya dweli (pembe ambayo platini zinabaki zimebanana) ni kama digrii moja ya taimingi, kwa hiyo mtu anayeseti taimingi vizuri halafu akarudi "kusafisha kidogo" platini kaharibu kila kitu bila kujua. Na hata usipogusa, ule mguu wa plastiki unaosuguana na kemu unalika polepole, uwazi unapungua, cheche inazidi kuchelewa mwezi hadi mwezi na wewe unazoea kidogo kidogo unadhani gari imezeeka.

Fungua kifuniko, toa rota, zungusha injini kwa spana ya boliti ya puli mpaka mguu wa platini ukae kwenye ncha ya kemu, hapo ndipo zimeachana kabisa. Toyota hizi zinataka milimita 0.45. Fila geji (vibati vya kupimia uwazi) ipite kwa kukwaruza kidogo, isilegee, na uifute oili kwanza maana oili kwenye platini inaungua na kuacha uchafu mweusi. Angalia nyuso za platini kwa karibu: zikiwa na rangi ya kijivu na tambarare ni nzuri, ila mara nyingi utakuta upande mmoja umeota kilima kidogo chenye ncha na upande wa pili umechimbika shimo la kuingia kile kilima. Hapo fila geji itakudanganya kwa sababu inapima kuanzia kileleni. Usipige msasa ukafunga, badilisha, na kondensa ibadilishe pia kwa sababu kilima kile mara nyingi kinatokana na kondensa iliyochoka au isiyo na kipimo sahihi. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, kiasi cha punje ya mchele, bila hivyo mguu mpya unalika haraka.

Haya, taimingi yenyewe. Chomoa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi. Ziba tundu la namba moja kwa kidole, zungusha kwa upande wake wa kawaida, ukisikia hewa inasukuma kidole ndio mgandamizo unapanda, endelea polepole mpaka alama ya puli ifike kwenye digrii zilizoandikwa kwenye stika ya boneti au kitabu cha gari. 4K nyingi ni digrii 8 kabla ya topu kwenye sailensi, lakini fuata stika yako, matoleo yanatofautiana. Ukiipita alama usirudi kinyume ukasimama hapo, rudi nyuma robo mzunguko kisha uje tena kwa mbele, kwa sababu taiming cheni ya zamani ina ulegevu na ukirudi kinyume ulegevu unahamia upande wa pili.

Chukua testa ya balbu ya volti 12, mguu mmoja kwenye bodi, mwingine pale waya wa distributa unapoingia kwenye koili (inayotengeneza umeme mkubwa wa cheche). Washa swichi. Platini zikiwa zimebanana taa inazima, zikiachana inawaka. Legeza nati ya distributa, izungushe uelekeo ule ule rota inaozunguka mpaka taa izime, kisha irudishe kinyume polepole mno mpaka pale pale taa inapowaka, simama, kaza. Cheche ya namba moja sasa inatoka kwenye digrii hizo. Zima swichi usiiache, koili inapata moto.

Hujui rota inazunguka upande gani? Ishike kwa vidole uizungushe, kuna upande itakubali kusogea kidogo halafu springi inairudisha. Uelekeo huo inaokubali ndio inaozungukia. Ikikubali na kurudi yenyewe haraka ujue na vile vyuma vya uzito ni vizima. Ikikubali lakini hairudi, au imegoma kabisa, kuna kutu humo ndani, dondosha oili nyepesi pale katikati chini ya rota, ikishindikana distributa ifunguliwe. Kuwahisha taimingi ni kuzungusha bodi kinyume na rota, kuchelewesha ni kuifuata rota.

#3 Mdau wa Uyole

Mkuu umenigusa. Nina KE70 station, huku kwetu Mbeya inapanda vizuri haina shida yoyote, lakini kila nikishuka nayo Dar ikianza kubeba mzigo inagonga, nikirudi nyumbani inaacha. Fundi wa Dar akaichelewesha ikatulia, kurudi Mbeya ikawa nzito kama imefungwa breki. Sasa nimsikilize nani?

#4 Mleta uzi

Kaka fundi wa Dar yuko sahihi na injini yako nayo iko sahihi. Mbeya mko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani. Silinda inajaza hewa kidogo, mgandamizo unakuwa mdogo, moto unatembea polepole na hatari ya kugonga inapungua, kwa hiyo injini inavumilia cheche iwahi zaidi na hata inapenda iwe hivyo. Ukifika usawa wa bahari silinda inajaa, mgandamizo wa nguvu, digrii zile zile zinakuwa nyingi mno.

Mimi watu wa Mbeya, Arusha, Nairobi nawashauri waongeze digrii 2 mpaka 4 juu ya stika kama gari inakaa huko huko, wapande nayo mlima wakisikiliza. Kama unashuka Dar mara kwa mara kaa kwenye stika, utakosa nguvu kidogo nyumbani ila pistoni zitapona. Au fanya hivi, weka alama mbili za rangi kwenye shingo ya distributa, moja ya bara moja ya pwani, ukifika unalegeza nati unahamisha dakika moja tu. Kumbuka pia kabureta iliyosetiwa pwani ikiletwa juu inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, kwa hiyo ule uzito unaousikia usiitupie taimingi lawama yote.

#5 Mdau mwenye Liteace

Wakuu naombeni msaada wa haraka, Liteace 5K, ilikuwa inatembea vizuri, fundi kabadilisha waya za plagi na kifuniko cha distributa, sasa inawaka kwa tabu inatetemeka na inapiga mafataki kwenye kabureta. Anasema taimingi cheni imeruka.

#6 Mleta uzi

Usifungue cheni kwanza boss. Angalia waya. Injini karibu zote za silinda nne fundi alizozoea zinapiga cheche kwa mpangilio wa silinda 1-3-4-2, lakini familia ya K ya Toyota, yaani 3K, 4K, 5K, inapiga 1-2-4-3. Ukizipanga 1-3-4-2 namba 1 na 4 zinapata cheche yake, 2 na 3 zimebadilishana, injini inawaka kwa silinda mbili na zile mbili nyingine zinapokea cheche valvu ya kuingiza ikiwa wazi ndio mafataki kwenye kabureta. Anza na waya wa namba moja, fuata uelekeo wa rota, panga 1-2-4-3. Namba moja ni ile ya mbele upande wa feni.

Ikiwa hata haitaki kuwaka kabisa na inarudisha moto, distributa inaweza kuwa imeingizwa kinyume, rota inaangalia namba 4 wakati namba 1 iko kwenye mgandamizo. Fungua kava ya tapeti utazame: roka mbili (vyuma vinavyosukuma valvu) za namba moja ziwe zina uwazi zinachezeka, za namba nne ziwe kwenye kupokezana, moja inafunga nyingine inafungua. Ikiwa kinyume chake uko mzunguko mzima nje.

#7 Mdau mwenye Liteace

Ilikuwa waya mkuu. Alikuwa ameweka 1-3-4-2. Inawaka vizuri sasa hivi, Mungu akubariki sana. Nitatafuta taa ya taimingi (ile inayomulika alama ya puli kila namba moja inapopiga cheche) nipime digrii.

#8 Fundi mkongwe

Vijana nimewasoma wote. Mimi nimeanza kazi enzi za Peugeot 404 na Land Rover, taa za kupimia hatukuwa nazo na magari yalikuwa yanaenda Kigoma na kurudi. Hilo la kusema sikio halifai silikubali.

#9 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu na naomba nikuulize, wewe ulikuwa unasikiliza gari ikiwa imepaki au ikiwa inatembea?

#10 Fundi mkongwe

Marahaba. Inatembea, iliyopaki itakwambia nini. Unaweka kwa balbu kwanza, injini ipate moto sawasawa, unaenda nayo barabarani, gia ya juu kabisa, mwendo wa 50 hivi, unakanyaga mafuta mpaka chini kwa ghafla. Ikigonga kidogo sana mara mbili tatu halafu ikaacha inavyochanganya, hapo hapo ndipo pake. Ikigonga mfululizo unashuka unairudisha upana wa kucha. Isipogonga kabisa unaiongeza kidogo mpaka isikike, halafu unarudi nyuma kidogo. Na mafuta yakibadilika unarudia.

#11 Mleta uzi

Basi tuko pamoja mzee, na naomba wote waliosoma post ya kwanza wasome na hii. Sikio lenye mzigo ni kifaa halali kabisa, ndilo linalopima injini yako na petroli yako na barabara yako. Ninalolikataa ni sikio la gereji. Na umeanza na balbu, ndio msingi wenyewe.

Nyongeza ya kutambua bila kifaa chochote: ukizima gari ya moto halafu ukapiga stata ikawa inakwama, inazunguka nusu inarudishwa nyuma, cheche inawahi mno, stata yako itavunjika meno. Wale walioendesha Ford Model T walikuwa na wenzo wa cheche pembeni ya usukani na ilibidi waicheleweshe kabla ya kupiga hendeli, aliyesahau hendeli ilirudi nyuma na kumvunja mkono. Kwa upande wa pili, gari inayoitikia kivivu, bomba la ekzosti linapata moto kupita kiasi, geji ya joto inapanda mlimani ila rejeta na temostati ni nzima, hiyo inachelewa.

#12 Mdau wa Mombasa

Ndugu zangu mimi nina 504 ya babangu, injini ya cc 1971. Zile ndizo zilizotambia Safari Rally, Ove Andersson alishinda nayo 1975, kwa hiyo naitunza kwa heshima yake. Swali langu, taimingi kwa kitabu iko sawa, nimeipima kwa taa, ila ikipanda Mazeras imebeba watu inagonga wiki moja, wiki nyingine haigongi. Sijagusa kitu. Yawezekana vipi?

#13 Mleta uzi

Ndugu yangu kama haujagusa kitu basi kinachobadilika ni petroli. Kugonga kunatokana na okteni (uwezo wa petroli kustahimili kugonga) na digrii kwa pamoja. Kitabu cha 504 kiliandikwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, na risasi iliwekwa makusudi kuzuia kugonga, ikaondolewa huku kwetu mwanzoni mwa 2006. Petroli ya sasa isiyo na risasi kama ni safi inatosha kwa injini hiyo. Shida ni iliyochanganywa na mafuta ya taa, okteni inashuka vibaya na digrii zilizokuwa sahihi jana leo ni nyingi. Kenya waliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili uchanganyaji usiwe na faida, ndipo uone lilivyokuwa jambo kubwa. Andika kila unapojaza, baada ya muda utajua kituo cha kukimbia.

Wakati unatafuta, rudisha digrii 2. Na angalia plagi zisiwe za moto kuliko namba ya kitabu, nazo zinaleta kugonga ambako taimingi haiwezi kukuponya. Injini yenye masizi mengi kwenye kichwa cha pistoni ni hivyo hivyo.

#14 Mwenye 109

Heshima wakuu. Land Rover 109 Series III, injini ya petroli 2.25. Puli imebadilishwa na wenye gari wa zamani, alama haieleweki na sindano ya pale mbele imepinda. Nitaijuaje topu? Niliambiwa niingize bisibisi kwenye tundu la plagi nione inapofika juu.

#15 Mleta uzi

Bisibisi inakupa makadirio tu. Pistoni ikikaribia topu inakaribia kusimama, unaweza kuzungusha krenki digrii kadhaa bisibisi isionekane kusogea, na digrii hizo kadhaa ndizo unazozitafuta. Pia bisibisi ikilala kwenye tundu inakwama na kuvunja kitu.

Fanya kizuizi. Chukua plagi mbovu, gonga utoe ule udongo mweupe wote ubaki na chuma cha nje, choma boliti yenye kichwa cha mviringo ipite katikati ikatokeze ndani. Chomoa waya wa betri, toa plagi zote, shusha pistoni ya namba moja chini kidogo, funga kizuizi. Zungusha krenki kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse boliti na igome, usilazimishe, chora mstari kwenye puli mkabala na sindano. Zungusha kinyume mpaka igome tena upande wa pili, chora mstari wa pili. Topu ya kweli iko katikati kamili ya mistari hiyo miwili, pima kwa futi kamba laini ukifuata mduara wa puli. Hata kama sindano imepinda haijalishi, alama yako mpya imezaliwa na sindano hiyo hiyo.

Kisha digrii. Pima kipenyo cha puli, tuseme ni milimita 140, mzingo wake ni 440, ugawe kwa 360 unapata milimita 1.22 kwa digrii moja. Digrii 6 ni milimita 7.3. Chora kwa tipeksi upande wa kabla ya topu, yaani alama inayofika kwenye sindano kwanza puli ikizunguka kawaida. Kwenye 109 hakikisha kwanza injini yako ni ya mgandamizo 7:1 au 8:1, taimingi zake hazilingani kabisa, na usichukue namba ya jirani. Platini za Lucas ni nyembamba kuliko za Toyota, milimita 0.35 mpaka 0.40. Mpangilio 1-3-4-2.

Hili la puli kuhama ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Injini nyingi za miaka ya 80 zina puli yenye mpira katikati, ringi ya nje imegandishwa kwenye kitovu kwa mpira, mpira ukizeeka ringi inateleza na alama inahama nayo. Unaseti kwa taa ya kisasa kabisa, alama imesimama mahali pake, na injini bado nzito. Alama zikikataa kukubaliana na tabia ya gari, fanya hicho kizuizi.

#16 Dada wa Arusha

Asante kwa uzi huu, nimeusoma mpaka mwisho. Mimi nina Beetle 1300 ya marehemu baba, distributa imebadilishwa imewekwa ile ya 009 isiyo na vakyumu. Ikianza kuondoka kwenye sailensi inasita kama inataka kuzima halafu inachukua. Taimingi fundi ameweka 7.5.

#17 Mleta uzi

Pole kwa msiba dada, na hongera kwa kuitunza. Hiyo 7.5 kabla ya topu, injini imezimwa, kwa balbu, ni sahihi, unalinganisha alama ya puli na ule mstari ambapo nusu mbili za injini zimekutana. Lakini kwa 009 mimi naamini zaidi kupima juu kuliko chini, yaani uichanganye injini mpaka mizunguko 3500 na taa ionyeshe kati ya digrii 28 na 32, isizidi hapo. Sailensi ikaangukia 7 au 10 iache. Kule kusita ni tabia ya 009 yenyewe kwa kuwa haina kopo la vakyumu la kuwahisha cheche unapoanza kukanyaga, unaweza kupunguza kwa pampu ya kabureta kumwaga kidogo zaidi, ila dawa hasa ni kurudisha distributa ya vakyumu inayoendana na injini yako. Ukiipata usitupe ile 009, ni ya akiba.

Na seti kwa namba moja siku zote. Kwenye distributa nyingi za vakyumu za Beetle namba tatu imecheleweshwa makusudi digrii chache kwa sababu silinda hiyo inapata moto zaidi, ukisetia hapo nyingine zote zitawahi. Mpangilio wake 1-4-3-2.

#18 Mdau mwenye Liteace

Wakuu nimerudi. Nimeazima taa, nimepima, ila alama haitulii, inarukaruka kama digrii 5 mbele na nyuma hata kwenye sailensi. Nisome namba ipi? Na kuna mtu ananiuzia kifaa cha elektroniki cha kuondoa platini, nichukue?

#19 Mleta uzi

Kwanza usalama, ukiwa na taa hiyo feni itaonekana kama imesimama au inazunguka polepole, kumbe inazunguka vile vile. Mikono na kanga na tai mbali.

Umechomoa hozi ya vakyumu na kuiziba? Kama bado anza hapo. Kama tayari na bado inaruka, toa kifuniko, shika mhimili wa distributa pale juu uutikise kushoto kulia. Ukicheza, bushi imeisha, mhimili unayumba, uwazi wa platini unabadilika kutoka ncha moja ya kemu hadi nyingine na kila silinda inapata taimingi yake. Pima kwa fila geji kwenye ncha zote nne, zikitofautiana sana jibu umepata. Mhimili ukiwa imara basi ni taiming cheni imelegea. Ukiwa na taa mkononi chomeka hozi ya vakyumu mdomoni uvute, sahani inatakiwa isogee, ziba kwa ulimi, ibaki pale pale. Ikirudi mpira wa kopo umepasuka, na hapo ndipo mafuta yako ya safari ndefu yanapoishia.

Kifaa cha elektroniki ni kizuri, hakina mguu wa kulika kwa hiyo taimingi haihami yenyewe, na kwenye mizunguko 3000 platini zinafunga na kufungua mara 100 kwa sekunde kwa hiyo kuzipumzisha ni jambo la maana. Lakini kukiweka kwenye mhimili unaoyumba ni kupoteza hela. Kabla ya kununua hakikisha koili yako inaendana nacho, kuna koili zinazotumia rezista ya nje na zisizotumia, ukichanganya inaungua koili au kifaa. Na usiache swichi imewashwa injini imezima.

Ukikuta bushi imeisha tafuta distributa nzima iliyotoka na elektroniki kiwandani, kuna 5K zilikuja nazo, na inaingia hata kwenye 4K, ila chukua na ignaita yake (kikata umeme cha elektroniki) na koili yake vyote vikiwa pamoja. Kabla hujalipa shika mhimili utikise pale pale dukani, zungusha rota uone springi inarudisha, vuta vakyumu kwa mdomo. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, nenda duka la pili.